Kibarua aliyekuwa meya: jibu kwa dada aliyeombwa kugombea udiwani

"Shikamoo mwalimu. Sisi ni Watanzania, tunaishi mji mmoja wa Ohio, mimi, mume wangu na watoto watatu. Nafanya kazi ya kuhudumia wazee. Tuna grini kadi, na mwezi wa pili tutafikisha miaka sita. Tangu New York wamchague meya aliyezaliwa Kampala, watu wa kanisani na majirani Wakongo hawaniachi: 'Mama, gombea udiwani hapa kwetu.' Mpwa wangu anasema huyo Mamdani wala si wa kwanza, alikuwapo Mwairishi mmoja, O'Dwyer, aliyekuja kama kibarua akaishia kuwa meya. Mume wangu naye kasoma kwamba huyo O'Dwyer alikuwa mtu wa majambazi, na mambo yalipochacha akakimbilia Mexico. Nani mkweli? Na je, mgeni anaweza kupanda kwenye siasa za huku bila kubebwa na watu wachafu? Naogopa kuanza jambo litakaloniaibisha, au kuniharibia makaratasi."

Marahaba, dada yangu. Umeuliza maswali matatu, na lile la makaratasi, ambalo umelidokeza tu mwishoni, ndilo zito kuliko yote. Nitalifikia. Kwanza niamue ugomvi wa mumeo na mpwa wako, maana kila mmoja ameshika nusu ya habari.

Mpwa yuko sahihi. Zohran Mamdani, aliyeanza kazi tarehe 1 Januari 2026, ni meya wa kwanza Mwislamu wa New York na wa kwanza mzaliwa wa Afrika, ila si wa kwanza kuzaliwa ughaibuni. Abraham Beame, aliyeongoza jiji hilo kuanzia 1974 hadi 1977, alizaliwa London. Vincent Impellitteri, aliyeshika umeya mwaka 1950, alizaliwa Sicily. Aliyemwachia Impellitteri kiti ndiye huyu William O'Dwyer. Na ukirudi nyuma mpaka uchaguzi wa 1880 utamkuta William R. Grace, Mkatoliki mzaliwa wa Ireland. Katiba ya Marekani inamfungia mzaliwa wa nje mlango mmoja, urais, pamoja na umakamu wake. Kiti cha meya hakina kizuizi hicho.

Sasa hadithi ya kibarua. Ni ya kweli, lakini imepigwa pasi. O'Dwyer alizaliwa tarehe 11 Julai 1890 Bohola, kijiji cha kaunti ya Mayo, magharibi mwa Ireland, akiwa kifungua mimba wa watoto 11. Watu wanaposikia "Mwairishi maskini" humfikiria mtoto wa mkulima wa viazi asiyejua kusoma. Huyu baba yake na mama yake wote walikuwa walimu. Alipelekwa Salamanca, Hispania, kusomea upadri, akaona wito haupo, na mwaka 1910 akapanda meli kwenda New York. Husimuliwa kwamba alishuka na dola 23 na senti kadhaa mfukoni. Wanasiasa wanazipenda hadithi za namna hiyo, na sina sababu ya kuikana. Ila bandarini wanahesabu kilichomo mfukoni tu, na mzigo mkubwa wa kijana huyu ulikuwa kichwani: miaka ya seminari, mazoea ya kukaa na kitabu, na Kihispania safi. Kihispania hicho ukiweke akilini, kitarudi.

Alifanya kazi zote ambazo wewe na mumeo mnazijua kwa majina mengine. Aliuza dukani, alichochea makaa kwenye matanuru ya meli, alibeba matofali na chokaa kwenye majengo, alihudumia baa ya Hoteli ya Plaza. Mwaka 1916 akapata uraia. Mwaka 1917 akaingia polisi. Akawa askari wa doria mchana na mwanafunzi wa sheria usiku katika Chuo Kikuu cha Fordham, akahitimu mwaka 1923, akavua magwanda na kufungua ofisi ya uwakili Brooklyn.

Hapo kwenye uraia naomba tukae kidogo. Mwaka 1910 Ireland yote ilikuwa bado chini ya Uingereza, kwa hiyo kisheria O'Dwyer alikuwa raia wa mfalme. Kiapo cha uraia wa Marekani kilimtaka aukane utii wake kwa George wa Tano, kwa jina. Mtu wa Mayo kumkana Mfalme wa Uingereza! Nadhani wengi wangelipa nauli kwa ajili ya hilo peke yake. Kwako wewe si hivyo. Sheria ya uraia ya Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na nchi mbili. Ukila kiapo cha Marekani kwa hiari yako, uraia wa nyumbani unaupoteza. Majirani zako wengi kutoka Kongo wana kikwazo kama hicho hicho, wakati Mkenya ameruhusiwa uraia pacha tangu katiba ya 2010. Hili ni la kuzungumza na mumeo mezani, taratibu, kabla ya kuzungumza na watu wa kanisani. Lina mambo ya ardhi na mirathi ndani yake.

Kuna tofauti nyingine, nayo nitaisema bila kuizunguka. Ngazi aliyoipanda O'Dwyer ilikuwa imewekwa mahali ambapo wengine hawakuruhusiwa hata kufika. Sheria ya kwanza ya uraia wa tajnisi ya Marekani, ya mwaka 1790, iliwataja watu weupe huru tu. Watu wenye asili ya Afrika waliongezwa mwaka 1870. Wachina wakasubiri mpaka 1943, Wahindi mpaka 1946, na ubaguzi wa rangi haukuondolewa kabisa kwenye sheria hiyo mpaka 1952. Na mwaka ule wa 1910 Mzungu kutoka Ireland hakuhitaji viza. Alikaguliwa afya, akaulizwa maswali mawili matatu, akaingia mjini. Foleni unayoijua wewe, ya ubalozi na miaka ya kusubiri, hakuikuta. Kwa hiyo mtu akikwambia "Waairishi walianza chini kama sisi na wakafika", mjibu kwamba walianza chini kweli, walidharauliwa kweli kwa dini yao na umaskini wao, lakini sheria iliwahesabu kuwa watu wanaostahili uraia tangu siku ya kwanza.

Sasa twende kwenye kiini cha swali lako: alibebwa na nani?

Miaka ya njaa kuu, kuanzia 1845, zaidi ya watu milioni moja waliihama Ireland. Waliofika New York walikuta chama cha Democratic kikiwa na jumuiya yake ya zamani iitwayo Tammany Hall, iliyoanzishwa mwaka 1789, wala haikuwa ya Waairishi. Ilikuwa na shida ya kura, nao walikuwa na shida ya kila kitu. Hapo ukazaliwa mtambo wa chama. Ukitaka kuuelewa, mkumbuke balozi wa nyumba kumi wa enzi zetu. Kila mtaa ulikuwa na mtu wa chama anayejua nani kafiwa, nani kafungiwa nyumba, kijana gani kakamatwa jana usiku. Alileta makaa ya mawe wakati wa baridi, alimtafutia kijana kazi ya zimamoto, alikwenda kusimama na mama mahakamani. Hakuomba hata senti. Siku ya kupiga kura ndipo alipokuja kugonga mlango. Sisi tuliita takrima, mpaka Mahakama Kuu yetu ikaifuta mwaka 2006. Wale hawakuipa jina. Kwao ndiyo ilikuwa siasa yenyewe. Mkono mtupu haulambwi.

Usidharau jambo hilo haraka. Serikali ya wakati ule haikuwa na bima ya ukosefu wa ajira, haikuwa na msaada wa chakula. Mtambo ulikuwa ndio ustawi wa jamii wa pekee ambao mgeni aliuona kwa macho. Ubaya wake ni kwamba fedha ya kununulia yale makaa ilibidi itoke mahali. Ilitoka kwa makandarasi waliotaka zabuni, kwa wenye baa waliotaka polisi wasipite, kwa wachezesha kamari. Kwa hiyo msaada aliopewa mjane ulikuwa umelipiwa na mtu asiyetaka kuonekana, na mtu huyo naye alikuwa na siku yake ya kugonga mlango.

Hapa wengi hukosea kusema O'Dwyer alikuwa mtoto wa Tammany. Tammany ilikuwa ya Manhattan. Yeye alikuwa wa Brooklyn, ambako chama cha Democratic kilikuwa na mtambo wake wenyewe, na wakubwa wa pande hizo mbili walikuwa wakitazamana kwa jicho la pembeni. Mtambo wa Brooklyn ulikuwa na kiu ya watu wa aina yake: askari wa zamani, wakili, Mkatoliki, mcheshi, mwenye sauti nzuri ya kusimulia. Mwaka 1932 aliteuliwa hakimu wa jiji. Mwaka 1938 akawa jaji wa mahakama ya kaunti ya Kings, ndiyo Brooklyn kwa jina la kiserikali. Mwaka 1939 wapiga kura wakamchagua kuwa mwendesha mashtaka mkuu wa kaunti. Umeona mwendo wake? Kutoka kubeba matofali mpaka ofisi hiyo ni karibu miaka 30. Hakuruka hata ngazi moja, na katika ngazi za juu kulikuwa na mtu wa kumshika mkono.

Cheo hicho cha mwendesha mashtaka ndicho kilichomjenga, na ndicho kilichokuja kumbomoa. Mwaka 1940 ofisi yake ilifumua genge ambalo magazeti yalilibandika jina la Kampuni ya Mauaji: watu waliokuwa wakiua kwa mkataba, kwa niaba ya majambazi wakubwa wa nchi. Mmoja wao, Abe Reles, aligeuka shahidi wa serikali na kumwaga kila kitu. Wenzake kadhaa walipelekwa kwenye kiti cha umeme. O'Dwyer akawa shujaa wa magazeti, na mwaka 1941 chama kikamsimamisha kugombea umeya dhidi ya meya wa wakati huo, Fiorello La Guardia. Alishindwa, uchaguzi ukiwa tarehe 4 Novemba.

Siku nane baadaye, alfajiri ya tarehe 12, Reles alikutwa amekufa chini ya dirisha la Hoteli ya Half Moon huko Coney Island. Alikuwa analindwa na askari polisi, chumbani, juu ghorofani. Alikuwa anatoroka? Alisukumwa? Miaka zaidi ya 80 imepita na watu bado wanabishana. Jambo moja liko wazi: jambazi mkubwa aliyebaki, Albert Anastasia, hakuwahi kushtakiwa na ofisi ya O'Dwyer, na mwaka 1945 baraza la wazee wa mahakama la Brooklyn lilimlaumu O'Dwyer waziwazi kwa kuliacha jalada hilo lilale. Hapa ndipo mumeo anapopata nguvu ya hoja yake, na simnyimi.

Katikati ya hayo kulikuwa na vita. O'Dwyer aliingia jeshini mwaka 1942, akachunguza wizi kwenye mikataba ya ndege za kivita, akapanda mpaka brigedia jenerali, na mwaka 1945 akaongoza bodi ya serikali iliyoundwa kuwaokoa wakimbizi wa vita, Wayahudi hasa. Aliporudi kwenye kinyang'anyiro cha umeya Novemba 1945 alishinda kwa tofauti ya kura zaidi ya 600,000.

Kama meya alikuwaje? Hapa nina maoni yangu, na wenzangu wengine hawatakubaliana nami: miaka yake miwili ya kwanza ilikuwa ya kazi safi. Alikuta jiji limechoka na vita. Februari 1946 wafanyakazi wa matishari, zile meli ndogo zilizovuta majahazi ya makaa na mafuta, waligoma, jiji likaanza kuishiwa nishati, naye akaamuru karibu kila kitu kifungwe kwa siku nzima: shule, maduka, kumbi za sinema. Mwaka huo huo jiji likapata makao makuu ya Umoja wa Mataifa, baada ya Rockefeller kutoa dola milioni 8.5 za kununulia ardhi. Mwaka 1948 alipandisha nauli ya treni za chini ya ardhi kutoka senti 5 hadi 10. Inasikika kama jambo dogo, lakini ile senti 5 ilikuwa haijaguswa tangu treni hizo zianze mwaka 1904, na mameya wote waliomtangulia waliikwepa kama kaa la moto. Aliipandisha, na mwaka uliofuata akachaguliwa tena.

Ninalolipenda zaidi ni la ndui. Machi 1947 msafiri aliyetoka Mexico kwa basi alifia hospitalini New York, na ilichukua muda madaktari kutambua ni ndui, ugonjwa ambao jiji lilikuwa halijauona kwa miaka mingi. O'Dwyer aliwaita wenye viwanda vya dawa ofisini na kuwabana mpaka wakaahidi chanjo. Kisha akakunja shati, akachomwa yeye mwenyewe mbele ya wapiga picha. Watu wakapanga foleni kuzunguka mitaa. Chini ya mwezi mmoja zaidi ya milioni 6 walikuwa wamechanjwa. Walioambukizwa wakaishia 12, na waliokufa 2. Sisi tulioona chanjo zikikataliwa kwa sababu ya uvumi wa simu tunajua kiongozi kuaminiwa namna hiyo ni mali gani. Aliaminiwa kwa kuwa alizungumza kama mtu wa mtaani. Ile lafudhi ya Mayo haikumtoka, dada yangu. Hilo lichukue kwa ajili ya lafudhi yako.

Kisha deni likaja kugonga mlango. Brooklyn kulikuwa na mchezesha kamari aitwaye Harry Gross aliyekuwa akiwalipa polisi kwa utaratibu kama mshahara, kiasi cha dola milioni moja kwa mwaka. Mwendesha mashtaka wa wakati huo alipoanza kufukua, O'Dwyer alimkejeli hadharani kwamba anawinda wachawi. Alikosea vibaya. Mamia ya askari walikuja kuacha kazi au kustaafu kwa haraka kwa sababu ya uchunguzi huo. Agosti 1950, miezi michache tu tangu aanze muhula wa pili, O'Dwyer alijiuzulu, na Rais Truman akamteua balozi wa Marekani nchini Mexico. Kihispania cha Salamanca kikapata kazi.

Kwa hiyo "alikimbilia Mexico" si sahihi kwa maana ya mtoro. Alikwenda na hati za ubalozi, kwa mpango wa wakubwa wa chama waliotaka aondoke kabla moto haujafika kwenye paa. Na Machi 1951 alirudi mwenyewe kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Seneti ya Estes Kefauver iliyokuwa ikichunguza uhalifu wa magenge, katika vikao vilivyorushwa kwenye televisheni na kutazamwa na mamilioni. Alikiri kwamba mwaka 1942 alikwenda nyumbani kwa Frank Costello, jambazi mkubwa kuliko wote New York. Akasema ilikuwa kazi ya jeshi. Kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa zimamoto aliapa kwamba alimkabidhi dola 10,000 kwenye baraza la nyumba rasmi ya meya. O'Dwyer alikana. Kamati ilimlaumu vikali. Hakuna mahakama iliyowahi kumtia hatiani. Alibaki na ubalozi wake mpaka mwishoni mwa 1952, akaendelea kuishi Mexico mpaka 1960, akafariki New York tarehe 24 Novemba 1964. Amezikwa kwenye makaburi ya kijeshi ya Arlington.

Hukumu yangu, kwa kuwa umeniuliza nani mkweli: sidhani O'Dwyer alikuwa mtu wa majambazi kwa maana ya mwajiriwa wao. Alikuwa mtu asiyeweza kumwambia hapana aliyemsaidia jana. Pale alipotakiwa kumfungulia mlango mpelelezi, alimwangalia kwanza nani atakayeumia, na waliokuwa waumie walikuwa wenzake wa zamani: polisi aliovaa nao magwanda, vigogo waliomteua. Katika mtambo ule kushukuru ndiyo ilikuwa sifa kuu ya mwanasiasa, na sifa hiyo ndiyo iliyomwangusha.

Lakini usiishie kwake. Alikuwa na mdogo wake wa mwisho, Paul, aliyezaliwa 1907. William alipoondoka nyumbani Paul alikuwa mtoto wa miaka mitatu. Walikuja kufahamiana New York, Paul alipofika mwaka 1925. Naye akawa wakili, naye akaingia siasa za jiji. Huyu aligombana na chama chake karibu maisha yake yote. Alitetea vyama vya wafanyakazi, mwaka 1964 alisimama na watu weusi wa Mississippi waliokuwa wakidai haki ya kura, alishindwa chaguzi nyingi kuliko alizoshinda, na akapata urais wa Baraza la Jiji kuanzia 1974 hadi 1977 tu. Akiwa hapo alipigania mwaka ulioandikwa kwenye muhuri wa New York ubadilishwe kutoka 1664, Waingereza walipouteka mji, uwe 1625, wakati wa Waholanzi. Alishinda. Hata uzeeni Mwairishi hakuacha kumdai Mwingereza. Ndugu wawili, tumbo moja, mji mmoja: mmoja alifika juu akiwa amebebwa, mwingine alitembea kwa miguu na hakufika juu kabisa. Ukiuliza kama inawezekana kupanda bila watu wachafu, jibu langu ni Paul, pamoja na bei aliyoilipa.

Sasa makaratasi. Nisikilize vizuri hapa.

Kwa sasa huwezi kugombea. Mgombea udiwani kwa kawaida lazima awe mpiga kura wa mji huo, na mpiga kura ni raia. Kuna miji michache ya Marekani, kama Takoma Park kule Maryland, inayowaruhusu wasio raia kupiga kura za mtaa, lakini Ohio walipiga kura Novemba 2022 kuandika kwenye katiba ya jimbo kwamba hata uchaguzi wa mji ni wa raia peke yao. Hatari yenyewe haiko kwenye kugombea, iko kwenye kujiandikisha. Ukienda ofisi ya leseni za udereva, au ukikutana na kijana mwenye ubao wa fomu nje ya duka, utaulizwa kama unataka kujiandikisha kupiga kura. Watu wema wenye grini kadi wamesema ndiyo kwa adabu tu, bila kuelewa. Kutia saini kwamba wewe ni raia wakati si raia kunaweza kukunyima uraia na hata kukurudisha nyumbani. Kama wewe au mumeo mmewahi kutia saini fomu ya namna hiyo, hata kwa bahati mbaya, hata kama hamkupiga kura, msitume ombi la uraia kwanza. Nendeni kwa wakili wa uhamiaji ana kwa ana. Jambo hilo halitatuliwi kwa barua kama hii.

Kama hamjawahi, basi muda wenu umeshatimia. Mwenye grini kadi anaruhusiwa kuomba uraia baada ya miaka mitano, au mitatu akiwa ameolewa na raia na wanaishi pamoja. Na watoto wenu wenye grini kadi walio chini ya miaka 18 wanaoishi nanyi watakuwa raia moja kwa moja mmoja wenu akishaapa. Hata hivyo, mtafuteni wakili au mtu wa shirika la misaada aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria kushughulikia kesi za uhamiaji awapitishie fomu, hasa kama mmoja wenu aliwahi kukaa nyumbani zaidi ya miezi sita mfululizo, ana deni la kodi, au aliwahi kukamatwa kwa lolote. Na usimpe fedha mtu mwenye muhuri wa kushuhudia saini anayejiita mwanasheria. Huyo si wakili.

Wakati unasubiri, hujafungwa mikono. Unaweza kuhudhuria vikao vya baraza la mji na kuzungumza zamu ya wananchi ikifika. Unaweza kujitolea kwenye kampeni ya mtu unayemwamini, lakini fedha usichangie bila kumuuliza wakili kwanza, maana mwaka 2024 Ohio ilipitisha sheria ya kuwazuia hata wenye grini kadi. Wale wanaokusukuma ugombee, waulize swali moja gumu: nani atalipia vipeperushi, na atataka nini mwaka unaofuata? Mkichanga kidogo kidogo kanisani na mtaani, kila jina likaandikwa na mtunza fedha, hakuna wa kuja kukugongea usiku. Akija mtu mmoja kusema "mama, usijali, mimi nitamaliza", mwite mumeo akusimulie tena habari za O'Dwyer.

Na wiki hii, kabla ya yote, pita Bodi ya Uchaguzi ya kaunti yenu uombe matokeo ya udiwani ya chaguzi tatu zilizopita kwenye kata yako. Angalia mshindi alipata kura ngapi. Katika miji midogo idadi hiyo huwa ndogo kuliko watu wanavyodhani, na ukishaijua utaweza kuhesabu, jina kwa jina, nyumba kwa nyumba, ni majirani wangapi ambao tayari ni raia na bado hawajajiandikisha.